Molekuli Ndani ya Kompyuta: Safari ya Kitaaluma ya Michael Levitt na Funzo Lake kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Utangulizi

Tuanze na mfano wa kubuni, lakini usio mgeni kwa yeyote aliyewahi kuketi kliniki. Mama mmoja kutoka Bahi amemleta mwanawe mwenye selimundu kwa ajili ya miadi ya kila mwezi. Mtoto amekwisha pimwa uzito, damu imechukuliwa, na vidonge vimeandikwa. Kabla ya kuinuka, mama anatoa simu yake.

“Sista, samahani, nina swali. Nimesoma humu kwamba kompyuta imekwisha kupata dawa ya ugonjwa wa mwanangu. Sasa niendelee kumpa hivi vidonge, au niviache nisubiri hiyo mpya?”

“Mama, vidonge usiviache hata siku moja. Hiyo habari nitaisoma kwanza, na ukirudi tutaizungumza.”

Muuguzi huyo amejibu vema. Hakumdharau mama kwa swali lake, wala hakudai kujua asilolijua. Hata hivyo mama atarudi, na safari ya pili atastahili jibu lililokamilika. Somo hili limeandikwa ili kumsaidia muuguzi kulitoa, na kumsaidia mama kulipima. Njia tuliyoichagua ni kufuata maisha ya kitaaluma ya mwanasayansi mmoja mzaliwa wa Afrika, Michael Levitt, aliyeanza na fizikia, akaingia katika uigaji wa molekuli, na akafikia kuwa profesa wa biolojia ya maumbo ya molekuli mwenye nafasi pia katika sayansi ya kompyuta.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:
- kueleza kwa maneno mepesi protini ni nini na kwa nini umbo lake ni muhimu kwa afya;
- kueleza uigaji wa molekuli hufanya nini na haufanyi nini;
- kutaja hatua kuu za kazi ya Levitt, pamoja na pale makadirio yake yalipokosea;
- kutumia maswali matatu ya kupima habari yoyote ya “dawa iliyogunduliwa na kompyuta”.

1. Ushanga unaojikunja wenyewe

Protini ni mnyororo. Ufananishe na uzi wa ushanga ambao punje zake ni za aina 20 tu, nazo huitwa asidi amino. Tofauti na ushanga wa shingoni, uzi huu haukai umenyooka. Mara tu unapotungwa ndani ya seli, hujikunja na kujiviringisha hadi kufikia umbo maalumu, na ni umbo hilo linaloipa protini kazi yake. Himoglobini hubeba oksijeni kwa sababu ya umbo lake. Kingamwili humtambua adui kwa sababu ya umbo lake. Dawa nyingi nazo hufanya kazi kwa kuingia katika pango dogo lililomo katika umbo la protini fulani, mithili ya ufunguo katika kufuli.

Umuhimu wa umbo hilo unaonekana wazi katika selimundu. Mnyororo wa beta wa himoglobini una punje 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, punje moja tu, ile ya 6, imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Badiliko hilo dogo hufanya himoglobini zishikamane na kuwa nyuzi ngumu pindi oksijeni inapopungua. Chembe nyekundu hupinda kama mundu, nayo mishipa midogo huziba. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba chanzo cha ugonjwa huu kimo katika molekuli yenyewe ya himoglobini. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alibaini kwamba tofauti ni ya punje moja. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1954, Anthony Allison alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki, yaliyoonyesha kwamba wenye kurithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa hiyo historia ya sayansi ya molekuli ina mizizi katika damu ya watu wa ukanda wetu.

Swali linalofuata ni hili: uzi hujuaje namna ya kujikunja? Mkazi wa nyanda za kati anaweza kulielewa jibu kwa kutazama mvua. Maji yanayonyesha katika miinuko ya Kondoa huingia katika Mto Bubu na kuteremka hadi bonde la Bahi. Hayafiki baharini, hutulia hapo, kwa kuwa ndipo mahali pa chini kabisa katika eneo hilo. Protini nayo hufanya jambo linalofanana: huteremka kutoka hali yenye nishati kubwa kwenda hali yenye nishati ndogo, na umbo lake la kawaida ndilo bonde lake. Tena, kama maji yanavyoweza kunaswa katika dimbwi la njiani kabla ya kufika Bahi, ndivyo na hesabu ya protini inavyoweza kunaswa katika umbo lisilo sahihi. Kuiga molekuli ndani ya kompyuta ni kuchora ramani ya miinuko na mabonde hayo kwa namba, kisha kuuliza maji yatakwenda wapi.

2. Kijana wa Pretoria

Michael Levitt alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, tarehe 9 Mei 1947. Baada ya masomo ya shule na mwaka mmoja wa hisabati tumizi katika Chuo Kikuu cha Pretoria, alihamia Uingereza akiwa bado kijana. Mwaka 1964 alitazama katika televisheni mfululizo wa vipindi vya John Kendrew kuhusu biolojia ya molekuli. Miaka miwili kabla, Kendrew na Max Perutz walikuwa wamepata Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha, kwa miale ya eksirei, maumbo ya protini mbili: mayoglobini ya misuli na himoglobini ya damu. Levitt, aliyekuwa akielekea kusomea fizikia, aliona kwamba uhai nao una sheria zinazoweza kuhesabiwa.

Alihitimu fizikia katika chuo cha King's College, London, mwaka 1967, akaomba nafasi ya udaktari katika Maabara ya Biolojia ya Molekuli ya Cambridge. Nafasi ya mwaka huo haikuwapo. Kendrew hakumfungia mlango. Alimshauri aende kwanza katika Taasisi ya Weizmann iliyoko Rehovot, Israeli, akafanye kazi na mwanakemia Shneior Lifson. Wahadhiri wanaosoma makala haya watambue jambo hilo: neno moja la ushauri, lililotolewa mahali pa kukataa, lilifungua uwanja mzima wa sayansi.

3. Kompyuta iitwayo Golem

Huko Weizmann Levitt alimkuta mwanafunzi wa udaktari, Arieh Warshel, na kompyuta iliyojengwa na taasisi yenyewe, iliyoitwa Golem. Simu ya mkononi ya mama wa Bahi ina nguvu ya hesabu kuliko Golem mara nyingi mno. Pamoja na uchache huo wa nguvu, vijana wale waliandika programu iliyotekeleza wazo la Lifson: kwamba kanuni chache zilezile zinaweza kueleza molekuli nyingi tofauti.

Kanuni zenyewe si ngumu kuzielewa. Kila muungano wa atomu mbili huhesabiwa kama springi: ukiuvuta au ukiubana, nishati huongezeka. Kila pembe kati ya miungano nayo ina kipimo inachokipenda. Atomu zisizoungana zikisogeleana mno husukumana. Zikiwa na umbali wa kadiri huvutana kidogo. Na zenye chaji za umeme huvutana au kusukumana kulingana na chaji hizo. Jumlisha yote, upate nishati ya molekuli nzima. Kisha sogeza kila atomu kidogo kuelekea mteremkoni, ujumlishe tena, na tena, hadi ufike bondeni. Mwaka 1969 Levitt na Lifson walichapisha hesabu ya namna hiyo kwa protini nzima, jambo ambalo kabla ya hapo lilihesabiwa kuwa kubwa mno kwa kompyuta.

Hapa ndipo fizikia, kemia na sayansi ya kompyuta zilipokutana katika kazi ya mtu mmoja. Kanuni zilitoka katika fizikia; vipimo vya springi na pembe vilitoka katika kemia; lakini kuzipanga hesabu hizo ili mashine ndogo izimudu lilikuwa tatizo la programu. Levitt aliandika programu zake mwenyewe, naye aliendelea na desturi hiyo katika maisha yake yote ya kazi.

Inafaa tukumbuke hali yetu wakati huo. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka uliofuata, 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hasara zilizotokana na matumizi yake katika hesabu za umma. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, lakini miaka iliyopita katikati ndiyo ileile ambayo uigaji wa molekuli ulikuwa ukizaliwa kwingineko. Hatusemi haya ili kumlaumu yeyote. Tunayasema ili mwanafunzi wa leo aelewe kwamba pengo analolikuta lina historia, na kwamba halikutokana na upungufu wa akili.

4. Kimeng'enya kilichomo katika machozi

Levitt alipata udaktari wake Cambridge mwaka 1972. Mwaka 1975, yeye na Warshel walichapisha uigaji wa jinsi protini ndogo inavyojikunja, kwa kutumia ujanja wa kurahisisha: badala ya kuhesabu kila atomu, waliihesabu kila punje ya mnyororo kwa alama chache tu. Mwaka 1976 wakatoa kazi iliyokuja kuwapa heshima kubwa zaidi.

Kazi hiyo ilihusu laisozimu, kimeng'enya kilichomo katika machozi, mate na maziwa ya mama, ambacho huvunja kuta za bakteria. Ili kuelewa namna kinavyovunja, haitoshi kuhesabu springi, maana katika mmenyuko wa kemia miungano hukatika na mingine huundwa. Hapo huhitajika fizikia ya kwanta, ambayo hesabu zake ni nzito kupita kiasi kwa protini nzima. Warshel na Levitt walitumia kanuni nzito kwa atomu chache za pale mmenyuko unapotokea, na kanuni nyepesi za springi kwa sehemu zote zilizobaki.

Mhudumu wa afya ya jamii anaijua mbinu hii, ingawa hajapata kuiita hivyo. Kipindupindu kikizuka katika kitongoji, huchora ramani inayoonyesha kila nyumba, kila choo na kila kisima cha kitongoji hicho. Sehemu nyingine za wilaya huzionyesha kwa barabara na majina ya vijiji tu. Hawezi kuchora kila choo cha wilaya nzima, wala hahitaji. Hekima imo katika kujua pa kuchora kwa kina na pa kuchora kwa jumla.

Mwaka 1977 kundi la Martin Karplus huko Harvard liliiga mwendo wa protini kwa mara ya kwanza, kwa muda usiozidi piko-sekunde 10. Hesabu za mwendo huenda kwa hatua fupi mno: igawanye sekunde moja kwa bilioni moja, kisha kila kipande ukigawanye tena kwa milioni moja, hapo ndipo upate hatua moja. Mwaka 1988 Levitt na Ruth Sharon waliiga protini ikiwa imezungukwa na maji, kama ilivyo mwilini, na matokeo yakakaribia zaidi vipimo vya maabara. Wakati huo Levitt alikuwa amekwisha hamia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikofika mwaka 1987. Mwaka 2013 Karplus, Levitt na Warshel walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kubuni mifano ya kompyuta inayounganisha ngazi hizo mbili za hesabu.

5. Kingamwili iliyobebeshwa

Mgonjwa atauliza, na ana haki ya kuuliza: mambo haya yamemfikia nani kitandani?

Tangu mwaka 1975 ilijulikana namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa kutumia seli za panya. Tatizo ni kwamba mwili wa binadamu huitambua kingamwili ya panya kuwa ngeni na kuishambulia. Wakulima wa zabibu na maembe wa Dodoma wanajua dawa ya tatizo la namna hiyo: chukua kikonyo cha mti unaozaa vizuri, ukibebeshe juu ya shina lililozoea udongo wa mahali. Watafiti nao walichukua ncha za kingamwili ya panya, zile zinazomshika adui, wakazibebesha juu ya kiunzi cha kingamwili ya binadamu.

Lakini ncha zikihamishwa peke yake mara nyingi hulegea, kwa kuwa zimepoteza punje jirani zilizokuwa zikizishikilia. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 1989, ambayo Levitt alikuwa mmoja wa waandishi wake, mfano wa kompyuta ulitumika kuonyesha ni punje zipi za kiunzi zinazogusana na ncha, ili nazo zihamishwe. Matokeo yake yalikuwa kingamwili iliyoitwa dakilizumabu. Mwaka 1997 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kuzuia mwili usilikatae figo lililopandikizwa.

Habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ni muhimu kuliko ya kwanza. Mwaka 2016 dawa hiyohiyo iliidhinishwa kwa ugonjwa mwingine, ule unaoharibu utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Machi 2018 watengenezaji waliiondoa sokoni baada ya taarifa za wagonjwa waliopatwa na uvimbe mkali wa ubongo, baadhi yao wakafariki. Umbo la molekuli lilikuwa lilelile. Kompyuta haikukosea kuhusu umbo. Ila umbo si mwili mzima, na mgonjwa wa figo si sawa na mgonjwa wa neva. Hilo hakuna uigaji wa molekuli ulioweza kulisema. Lilisemwa na wagonjwa, kupitia madaktari walioandika kwa uaminifu kile walichokiona.

6. Pale makadirio yalipopotoka

Mwanasayansi husomwa pia kwa makosa yake. Mapema mwaka 2020, UVIKO-19 ilipokuwa ikienea China, Levitt alitazama takwimu za kila siku na kukadiria kwamba China ingefikia wagonjwa wapatao 80,000 na vifo wapatao 3,250. Katikati ya Machi takwimu rasmi zilikaribia sana namba hizo, na sifa zake zikaenea.

Tarehe 25 Julai 2020 aliandika hadharani kwamba mlipuko wa Marekani ungemalizika ndani ya wiki nne, na kwamba vifo vilivyoripotiwa vingebaki chini ya 170,000. Idadi hiyo ilipitwa mwezi Agosti. Kufikia mwaka 2022 vifo vilivyoripotiwa Marekani vilikuwa vimepita milioni moja.

Mtu huyuhuyu, mwenye akili ileile na Tuzo ya Nobel. Nini kilibadilika? Katika uigaji wa molekuli, kanuni zake zilikuwa zimepimwa kwa miaka mingi dhidi ya vipimo vya maabara. Katika mlipuko wa ugonjwa, alifuata umbo la mchirizi wa takwimu zilizopita na kuurefusha mbele. Mchirizi huo haukuwa na nafasi ya watu kurudi mikusanyikoni, ya majira kubadilika, wala ya kirusi kujigeuza. Atomu haisikilizi redio wala haibadili nia; binadamu hufanya yote mawili. Kupatia mara moja, tena mahali pengine, si uthibitisho.

Hatulisemi hili kwa kumcheka mzee. Kila mhudumu wa afya amewahi kuvutwa na uzoefu wake kutoka mahali ulipofaa hadi mahali usipofaa: homa tatu za kwanza zilikuwa malaria, basi ya nne ikatibiwa kama malaria bila kipimo. Kosa ni lilelile; tofauti ni ukubwa wa jukwaa.

7. Selimundu leo: kompyuta, jaribio na mtoto

Sasa turudi kliniki. Dawa mbili zinaweza kutupa mizani.

Ya kwanza ni vokseloto. Ilibuniwa kwa kuijua vema himoglobini: molekuli yake hukaa ndani ya himoglobini na kuifanya ishikilie oksijeni, hivyo kupunguza nafasi ya nyuzi ngumu kuundwa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sababu ilipandisha kiwango cha himoglobini. Septemba 2024 kampuni iliyoimiliki iliiondoa duniani kote, kwa kuwa taarifa zilizokusanywa zilionyesha kwamba faida zake hazikuzidi tena hatari zake kwa wagonjwa.

Ya pili ni haidroksiyurea. Hii haikubuniwa kwa kompyuta. Ni kemikali iliyojulikana tangu karne ya 19, na ilitumika kwa saratani kabla ya selimundu. Lakini ilijaribiwa. Katika utafiti uliowahusisha watoto wapatao 600 wa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa katika jarida la tiba mwaka 2019, watoto walipungukiwa na vipindi vya maumivu, maambukizi, malaria, uhitaji wa kuongezewa damu, na vifo. Vidonge alivyonavyo mama wa Bahi, kama ni hivyo, vina ushahidi uliotoka kwa watoto wanaoishi katika mazingira ya malaria kama mwanawe.

Je, hii ina maana kwamba kompyuta haina faida? La. Kompyuta hupunguza idadi ya molekuli zinazostahili kujaribiwa, hueleza kwa nini dawa imeshindwa pale kimelea kinapobadili punje moja ya protini yake, na huokoa miaka ya kupapasa gizani. Mwaka 2024 nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia walipewa Demis Hassabis na John Jumper kwa programu inayotabiri maumbo ya protini kutokana na mpangilio wa punje zake, na nusu ya pili alipewa David Baker kwa ubunifu wa protini mpya. Uwanja uliofunguliwa na Golem umekuwa mpana. Lakini kompyuta huchagua mlango wa kubisha. Anayefungua ni mgonjwa aliyeridhia kushiriki jaribio.

8. Maswali matatu ya kuuliza

Kutokana na safari ya Levitt, tunapendekeza kila habari ya “dawa ya kompyuta” ipimwe kwa maswali haya:

Kwanza, ni nini kilichowekwa ndani ya hesabu? Umbo la protini moja, seli, au mwili wa binadamu mzima?

Pili, ni nini kilichoachwa nje? Ini, figo, ujauzito, malaria, lishe, umri wa mgonjwa?

Tatu, matokeo yamelinganishwa na nini? Na hesabu nyingine tu, na majaribio ya maabara, na wanyama, au na watu? Na kama ni watu, je, wanafanana na mgonjwa aliye mbele yetu?

Maswali haya hayahitaji shahada ya kompyuta. Muuguzi wa zahanati anaweza kuyauliza, na mama wa mtoto pia.

9. Nyanda za kati na kazi iliyo mbele

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wanafunzi wa tiba, wa kemia na wa kompyuta juu ya kilima kimoja. Katika Hospitali ya Benjamin Mkapa upandikizaji wa figo ulianza mwaka 2018, na upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu ukafuata. Programu nyingi za uigaji wa molekuli hupatikana bila malipo, na hifadhi ya kimataifa ya maumbo ya protini, iliyoanzishwa mwaka 1971, iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi wa Dodoma leo ana mashine bora kuliko aliyokuwa nayo Levitt mwaka 1967. Anachokihitaji ni mwalimu wa kumwelekeza, mwenzake wa fani nyingine wa kubishana naye, na swali linalotoka wodini.

Wajibu wa mhudumu katika kazi hiyo si mdogo. Mfano wa kompyuta hauwi wa kweli kuliko vipimo vilivyoulisha. Kipimo cha damu kilichoandikwa kwa usahihi katika daftari la zahanati ya Mpwapwa, taarifa ya madhara ya dawa iliyojazwa siku ileile, tarehe ya homa isiyobuniwa ili kujaza nafasi: hivi ndivyo vitakavyowafanya watafiti wa kesho wawaone wagonjwa wetu ndani ya hesabu zao.

10. Mama anaporudi

Mwezi umepita. Mama wa Bahi ameketi tena mbele ya muuguzi.

“Mama, ile habari nimeisoma. Ni kweli kompyuta imepata molekuli inayoweza kukaa vizuri kwenye protini. Lakini bado haijapewa mtu yeyote, mkubwa wala mtoto.”

“Kwa hiyo ni uongo, sista?”

“Si uongo, mama. Ni mwanzo. Mwanao hatuwezi kumtibu kwa mwanzo. Hivi vidonge vimejaribiwa kwa watoto kama yeye. Siku ile mpya ikijaribiwa na ikafaa, utaisikia kwangu, na usiponisikia, niulize.”

Kisha muuguzi anamkumbusha yale yasiyosubiri ugunduzi wowote: mtoto anywe maji ya kutosha, hasa katika kiangazi chetu kirefu, alale ndani ya chandarua, apate chanjo na dawa zake kwa wakati, na akipata homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja na macho, tumbo kuvimba upande wa bandama, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali bila kungoja kupambazuke.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa mfano wako mwenyewe kwa nini badiliko la punje moja katika protini linaweza kuleta ugonjwa.
2. Kwa nini Warshel na Levitt walitumia kanuni nzito kwa sehemu moja tu ya laisozimu?
3. Umbo la dakilizumabu halikubadilika kati ya 1997 na 2018. Ni kitu gani kilichobadilika?
4. Chagua habari moja ya dawa mpya uliyoipokea katika simu yako. Ipitishe katika maswali matatu ya sehemu ya 8, kisha uijadili na mwenzako kazini kabla ya kumweleza mgonjwa.